Tom Rolt, fundi aliyeonyesha kwamba raia wanaweza kuokoa reli iliyoachwa

Butembo na Beni hazijawahi kuwa na reli. Mfanyabiashara anayetoka huku kwenda Kampala au Mombasa anapitia Kasindi kwa lori, na mali yake inarudi kwa njia ileile. Upande wa mashariki, treni iliyokuwa karibu zaidi ni ile ya Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Reli hiyo ilifika mwaka wa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Upande wa kaskazini kulikuwa na reli nyembamba ya Uele, yenye upana wa milimita 600 tu, iliyotoka Aketi ikapita Isiro na kuishia Mungbere. Ilibeba pamba, kahawa na mafuta ya mawese. Miaka ilivyopita treni zikanyamaza pande zote mbili, na vyuma vikabaki kuliwa na kutu na kufunikwa na majani.

Reli ikiachwa na kampuni, na serikali nayo ikatazama pembeni, nani anaweza kuiokoa? Kwa muda mrefu watu wengi duniani waliamini kwamba jibu ni hakuna. Treni ni kitu kizito, cha gharama, chenye sheria nyingi. Raia anaweza kulima barabara ya kijiji kwa salongo, lakini hawezi kuendesha reli.

Mtu aliyebadilisha mawazo hayo ni Mwingereza mmoja, fundi mekanika na mwandishi wa vitabu, aliyeitwa Lionel Thomas Caswall Rolt. Wengi wanamjua kwa jina fupi la Tom Rolt. Mwaka wa 1951, yeye na wenzake waliendesha treni kwenye reli ya Talyllyn, katika nchi ya Wales. Reli hiyo ikawa ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Kijana wa karakana

Rolt alizaliwa tarehe 11 Februari 1910 katika mji wa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Utoto wake ulipita karibu na mpaka wa Wales, halafu katika jimbo la Gloucestershire. Baba yake alikuwa mtu wa safari: alikuwa amejaribu bahati yake Australia, India na hata kwenye dhahabu ya Yukon, huko Kanada. Baadaye familia ilipoteza sehemu kubwa ya mali yake, na kijana akajua mapema kwamba atakula kwa kazi ya mikono yake.

Aliacha shule akiwa na miaka 16. Mjomba wake, mhandisi aliyeitwa Kyrle Willans, alimsaidia kuingia katika kiwanda cha Kerr Stuart, mjini Stoke-on-Trent, kilichotengeneza vichwa vya treni. Pale Rolt alijifunza kazi kutoka chini: kuchonga chuma, kupima, kufunga na kufungua mashine, na kusikiliza sauti ya injini mpaka ajue ugonjwa wake.

Mwaka wa 1930 kiwanda hicho kilianguka kwa madeni. Uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba, na mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi walijikuta barabarani. Kijana wa miaka 20 aliona kwa macho yake jinsi elimu ya mikono inavyoweza kupotea kwa siku chache ikikosa mtu wa kuirithi. Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Alihangaika na kazi ndogondogo, kisha mwaka wa 1934 akaingia katika biashara ya gereji pamoja na wenzake, kusini mwa Uingereza. Hapo alikutana na watu waliopenda magari ya zamani. Walikuwa wakiyanunua yakiwa mabovu, wakiyatengeneza wenyewe siku za mapumziko na kushindana nayo. Rolt alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa chama chao. Somo alilopata pale lingemfaa baadaye: mtu anayefanya kazi kwa mapenzi anaweza kufanya hata ile ambayo hakuna kampuni ingekubali kuilipia.

Nyumba juu ya maji

Mwaka wa 1939 Rolt alimwoa Angela Orred. Badala ya kutafuta nyumba, wawili hao walihamia katika mashua nyembamba ya mbao iliyoitwa Cressy, ambayo zamani ilikuwa ya mjomba Willans. Wakaanza kusafiri kwenye mifereji ya Uingereza. Mifereji hiyo ilichimbwa zaidi kabla ya reli kuja, ili kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwanda, lakini wakati huo mingi ilikuwa imejaa matope na kusahauliwa.

Mwaka huohuo Vita vya Pili vya Dunia vilianza. Rolt alifanya kazi kwa muda mfupi katika kiwanda cha Rolls-Royce, kisha katika wizara iliyoshughulikia vifaa vya vita, lakini aliendelea kuishi ndani ya mashua. Kitabu alichoandika juu ya safari zake kilitoka mwaka wa 1944, na kikasomwa na watu wengi kuliko alivyotazamia.

Miongoni mwa wasomaji alikuwa Robert Aickman. Mwaka wa 1946 Aickman na Rolt, pamoja na wenzao, walianzisha chama cha kutetea mifereji. Mwanzo ulikuwa mzuri, lakini wakuu hao wawili hawakupatana. Aickman alitaka kila mfereji uokolewe, hata kwa ajili ya starehe tu. Rolt aliona kwanza waokolewe watu wa mashua waliokuwa bado wanafanya kazi majini, pamoja na mifereji waliyokuwa wanaitumia. Ugomvi ulikua, na mwanzoni mwa mwaka wa 1951 Rolt alifukuzwa katika chama alichokisaidia kuzaliwa.

Mwaka huohuo ndoa yake ilivunjika, na maisha ya miaka 12 ndani ya Cressy yakafikia mwisho. Akiwa na miaka 41, Rolt hakuwa tena na chama, mke wala makao yake ya majini. Mlango mwingine ulikuwa umeanza kufunguka huko Wales.

Reli iliyobaki na kichwa kimoja

Reli ya Talyllyn ilijengwa mwaka wa 1865 ili kushusha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn, kando ya bahari. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 11, na upana kati ya vyuma viwili ulikuwa milimita 686, sawa na hatua moja ya mtu mzima.

Tangu mwaka wa 1911 machimbo na reli vilikuwa mali ya Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Mawe hayakuleta tena faida, na mwishoni mwa mwaka wa 1946 machimbo yaliporomoka na kufungwa. Hata hivyo mzee huyo alikuwa ameahidi kwamba treni ya abiria itatembea maadamu yeye yu hai. Serikali ilipochukua reli za Uingereza mwaka wa 1948, hii ndogo iliachwa nje. Ilikuwa kama imesahauliwa.

Rolt alikuwa ameitembelea mara ya kwanza wakati wa vita. Siku hiyo treni haikutembea, kwa hiyo aliifuata reli kwa miguu. Tangu hapo hakuiacha mawazoni. Mwaka wa 1949 aliandika katika gazeti la Birmingham akipendekeza kwamba watu waungane kuiokoa.

Haydn Jones alifariki tarehe 2 Julai 1950, na pamoja naye ile ahadi. Vyuma vilikuwa tayari kuuzwa kama chakavu. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo Rolt na marafiki zake waliitisha mkutano katika hoteli moja mjini Birmingham. Waliohudhuria walikubali kuunda chama. Mjane wa Haydn Jones alikubali kuwaachia kampuni, na Februari 1951 reli ikawa mikononi mwao. Rolt alichaguliwa kuwa meneja.

Ilikuwa Uingereza iliyotoka vitani. Chakula fulani kilikuwa bado kinagawiwa kwa kipimo, na chuma kilikuwa adimu. Watu hawakuwa na pesa za kuchezea. Wengi wa wanachama walikuwa wafanyakazi wa ofisi, walimu, wanafunzi na mafundi wa viwandani. Walitoa ada ndogo, na siku zao za mapumziko wakazitoa bure.

Hali waliyoikuta ilikuwa ya kutisha. Mataruma ya mbao yalikuwa yameoza kiasi kwamba mahali pengine vyuma vilishikiliwa na majani na udongo tu. Kati ya vichwa viwili vya treni, kimoja, chenye jina lilelile la Talyllyn, kilikuwa hakifai kabisa. Kilichobaki ni Dolgoch, kilichotengenezwa mwaka wa 1866. Kikiharibika hicho, hakuna treni.

Tarehe 14 Mei 1951 Dolgoch kilivuta treni ya kwanza ya chama kipya kutoka Tywyn hadi Rhydyronen, kilomita chache tu. Rolt alipitisha msimu huo na uliofuata akiwa kwenye reli karibu kila siku, akitembea na nyundo, akirudisha vyuma vilivyoachana, akitazama kila jioni kama Dolgoch kitaweza kuamka kesho yake. Abiria zaidi ya 15,000 walipanda mwaka huo wa kwanza.

Msaada ulitoka kwa jirani aliyekufa. Reli ya Corris, yenye upana uleule, ilikuwa imefungwa mwaka wa 1948, na vichwa vyake viwili vilikuwa vimelala bila kazi. Chama kilivinunua kwa bei ndogo. Kimojawapo kilikuwa kimetengenezwa mwaka wa 1921 katika kiwanda cha Kerr Stuart, kilekile ambacho Rolt alijifunzia ufundi na akakiona kikifa.

Mabehewa yaliyogeuzwa vibanda vya bustani

Kichwa cha treni ndicho kinachopigwa picha, lakini abiria wanakaa katika mabehewa, yaani vagoni. Talyllyn ilikuwa na mabehewa manne tu ya abiria, pamoja na la mizigo, yote ya mbao na ya tangu miaka ya mwanzo ya reli. Yana milango upande mmoja tu. Sababu yake ni kosa la ujenzi: mkaguzi wa serikali alipofika mwaka wa 1866, alikuta madaraja ni membamba mno, na mlango ukifunguliwa ungegonga ukuta. Badala ya kubomoa madaraja, reli ilisogezwa pembeni na milango ya upande mmoja ikafungwa moja kwa moja.

Abiria walipoongezeka, mabehewa manne hayakutosha, na duniani hakukuwa na duka la kuuza mabehewa ya upana huo. Watu wa kujitolea wakaanza kutafuta. Katika miaka ya 1950 walipata mabehewa mawili ya reli ya Glyn Valley, iliyokufa mwaka wa 1935. Yalikuwa yamewekwa bustanini kama vibanda vya kupumzikia. Behewa moja la Corris, la mwaka wa 1898, nalo lilipatikana katika bustani ya mtu. Yalichukuliwa, yakatengenezwa na kurudishwa kwenye reli. Lile la Corris lilianza tena kazi mwaka wa 1961.

Kazi ya kurudisha behewa la mbao inafanana na kazi ya seremala wa Butembo kuliko ya kiwanda. Kwanza kila kipande kinapimwa na kuchorwa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu ubao uliooza ndio ramani pekee iliyobaki. Halafu mbao zinajaribiwa kwa ncha ya kisu: palipo laini panakatwa, palipo pagumu panaachwa. Ubao mpya unaunganishwa na wa zamani bila kuutupa ule ambao bado una nguvu. Chini, magurudumu yanatolewa na kusawazishwa, breki na sehemu za kuungania zinafanywa upya, kwa sababu hapo hakuna mchezo: uhai wa abiria uko juu ya chuma hicho. Mwisho inakuja rangi, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikisuguliwa kabla ya nyingine. Behewa moja linaweza kula miaka ya siku za mapumziko.

Kazi hizo zimekuwa zikifanyika katika atelie ya Pendre, mjini Tywyn. Kijana anaingia bila kujua kushika patasi, mzee aliyestaafu anamwonyesha, na baada ya miaka michache yule kijana ndiye anayemfundisha mgeni. Ujuzi ambao Rolt aliuona ukitawanyika mwaka wa 1930 ulipata hapo mahali pa kukaa.

Haikuwa rahisi kila siku. Watu wa kujitolea wengi walitoka mbali, wakiwa Waingereza katika nchi ya Wales yenye lugha yake. Wengine walipenda kuendesha kichwa cha treni kuliko kubeba mawe. Wafanyakazi wachache wa kulipwa walibeba mzigo wa siku za kawaida, wakati wengine wamerudi makwao. Rolt alijifunza kwamba moyo wa kujitolea bila utaratibu unachoka haraka. Kila mtu alipaswa kufunzwa na kupimwa kabla ya kukabidhiwa maisha ya abiria, hata kama halipwi.

Mmoja wa waliokuja kusaidia katika miaka hiyo alikuwa kasisi wa Kianglikana, Wilbert Awdry, aliyekuwa ameanza kuwaandikia watoto hadithi za kichwa cha treni kiitwacho Thomas. Alifanya kazi ya mlinzi wa treni, na reli hiyo ikazaa sehemu ya hadithi zake. Watoto wa nchi nyingi wameifahamu Talyllyn bila kulijua jina lake.

Mwandishi wa mafundi

Baada ya misimu miwili, Rolt aliacha umeneja, ingawa hakuiacha reli. Alirudi Gloucestershire, katika nyumba ya wazazi wake kijijini Stanley Pontlarge, akaoa tena na kuishi kwa kalamu. Mwaka wa 1953 alitoa kitabu juu ya mambo ya Talyllyn. Mwaka huohuo filamu ya kuchekesha iliyotokana na kisa cha reli hiyo ilionyeshwa Uingereza.

Kwa jumla aliandika zaidi ya vitabu 30. Vinavyokumbukwa sana ni maisha ya wahandisi wakubwa: Brunel mwaka wa 1957, Telford mwaka wa 1958, na George Stephenson na mwanawe Robert mwaka wa 1960. Kabla yake, vitabu vingi vya historia vilijaa wafalme na majenerali. Rolt aliwaweka mafundi mbele. Pia aliandika juu ya ajali za reli, akionyesha jinsi kila sheria ya usalama ilivyonunuliwa kwa damu ya watu.

Kati ya mwaka wa 1963 na 1968 alikuwa mwenyekiti wa chama cha Talyllyn. Wakati huo mfano wake ulikuwa umeenea. Reli ya Ffestiniog, huko huko Wales, ilikuwa imefufuliwa na watu wa kujitolea katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1960 ile ya Bluebell, kusini mwa Uingereza, ikafuata. Nchi nyingine nazo ziliiga. Kwa upande wa Afrika Mashariki, makumbusho ya reli yalifunguliwa Nairobi mwaka wa 1971, ambapo vichwa na mabehewa ya zamani ya reli ya Uganda yamehifadhiwa.

Mwaka wa 1973 abiria wa Talyllyn walipita 180,000. Rolt aliiona hesabu hiyo. Alifariki tarehe 9 Mei 1974, nyumbani Stanley Pontlarge, akiwa na miaka 64.

Kilichobaki

Miaka miwili baada ya kifo chake, watu wa kujitolea walimaliza kurefusha reli hadi Nant Gwernol, mahali ambapo treni za abiria hazikuwahi kufika. Mwaka wa 1991 kichwa kipya cha treni kilitoka katika atelie ya Pendre. Sehemu zake zilitoka kwa kichwa cha zamani kilichofanya kazi Ireland, na kilipewa jina la Tom Rolt. Mwaka wa 2021 Unesco iliingiza eneo la machimbo ya mawe la kaskazini-magharibi mwa Wales, pamoja na reli hiyo, katika urithi wa dunia.

Talyllyn haikuokolewa kwa mapenzi peke yake. Nchi ilikuwa na amani, watalii waliweza kufika, na sheria iliwaruhusu raia kumiliki kampuni. Mahali ambapo barabara inafungwa kwa risasi, atelie ya namna hiyo haiwezi kukaa. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi haikuhitaji utajiri. Ilihitaji mtu wa kupima ubao uliooza kabla haujatupwa, na mwingine wa kubaki pale mpaka amfundishe kijana.

Butembo inaijua namna hiyo ya kufanya kazi. Seremala anaunda tshukudu bila mchoro, fundi anafufua lori ambalo kiwanda chake kilikwisha kulisahau, na vijana wa kata wanatoka kwa salongo kurudisha barabara iliyobebwa na mvua. Huko Tywyn, mikono ya namna hiyo ndiyo iliyoyaweka barabarani mabehewa manne ya mbao. Mpaka sasa yanabeba abiria, na milango yao bado inafunguka upande mmoja tu.